Madamu Hahemi

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Leo utafiti wa mwanangu umeanza uani kwangu. Kwangu! Si chuoni, si kwenye shamba la wakubwa. Uani kwa fundi cherehani aliyeishia darasa la saba. Waandike na hilo.

Naandika humu kwenye daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma. Daftari jipya pekee lililokuwemo nyumbani amelichukua Mtaalamu. Mtaalamu ndiye binti yangu, wa kwanza na wa mwisho. Jina nilimpa mimi alipoingia chuo cha mifugo, na sasa hata muuza mkaa anamwita hivyo. Huu ni mwaka wake wa mwisho. Kimebaki kitu kimoja tu apate cheti: apime mbuzi kwenye joto siku kumi na mbili, aone kila aina inavyolistahimili, aandike ripoti, msimamizi wake aipitishe. Basi. Akimaliza nitaishona mwenyewe nguo ya kuchukulia cheti. Kitambaa ninacho tangu mwaka wake wa kwanza.

Mbuzi ni tisa. Watatu weupe, wakubwa, masikio wima, damu ya nchi za baridi. Hao ni wangu: Madamu na mabinti zake wawili. Madamu ana mimba ya miezi mitatu na nusu. Watatu wa kienyeji, wafupi, wakavu, sura za wagomvi. Hao ni wa wifi yangu, dada wa mume wangu, anayekaa ng'ambo ya michongoma. Kiongozi wao anaitwa Kipilipili. Watatu chotara, wa mwalimu mstaafu. Hawana sifa wala kashfa. Wote banda moja, bati moja, majani yaleyale.

Saa nane mchana Mtaalamu akakaa kigodani na saa yake. Anahesabu ubavu wa mbuzi unavyopanda na kushuka dakika nzima. Halafu kipimajoto. Siandiki kinaingizwa wapi. Kipilipili: pumzi 44. Chotara: 73. Madamu: 118!

Mia moja na kumi na nane. Mdomo wazi, ulimi nje, mbele za watu! Na wifi alikuwa amesimama kwenye michongoma na kikombe chake cha chai kama yuko mpirani. Akauliza eti wifi, huyo Madamu wako amefukuzwa na nani? Akasema wake hata hawajajua kama jua limetoka.

Miaka miwili nimeutangazia mtaa mzima kwamba hawa weupe ndio mbuzi wa kisasa. Miaka miwili! Leo mbuzi wa kisasa anahema kama mzee aliyepanda ngazi.

Kibaya zaidi, Mtaalamu aliiandika hiyo 118 huku anatabasamu. Akasema safi sana. Maskini mwanangu, vitabu vimemchosha. Mbuzi wa kwao wanashika mkia, yeye anasema safi. Nani atampa cheti mtu ambaye mbuzi wake wamefeli?

Mama yupo.

Jumanne, tarehe 4 Februari

Mpango mwepesi. Saa saba Mtaalamu huingia ndani kula na kujinyoosha. Hatoki mpaka saa nane kasoro dakika tano. Nikachukua ndoo nne zilizokuwa karibu na banda, nikawamwagia weupe wote. Kichwani, shingoni, miguuni. Kulikuwa na upepo mzuri. Madamu alifumba macho kama bibi anayesukwa. Kisha nikawakausha haraka haraka wasionekane wameoga. Nilitumia kitambaa cheupe kilichokuwa juu ya cherehani. Bitana, nilidhani.

Matokeo: Madamu 58! Hamsini na nane! Niligeuka kumtafuta wifi, hakuwepo. Mtu anapohitajika haonekani.

Mtaalamu alihesabu mara ya pili. Akakikung'uta kipimajoto. Akaangalia mbingu, akaniuliza kama kuna mvua iliyopita. Nikamwambia jana ilikuwa woga wa mtihani tu, sasa Madamu amezoea. Akanitazama kidogo. Akaandika. Safari hii hakutabasamu.

Ile haikuwa bitana. Ilikuwa sare ya muuguzi, mgongo na mkono mmoja, tayari kuunganishwa. Inanuka mbuzi. Nimeiloweka.

Jumatano, tarehe 5 Februari

Nimepiga hesabu. Madamu 58 ni vizuri, lakini Kipilipili bado ni 42. Yaani sisi bado tuko nyuma. Nilimimina ndoo nne tena leo, nikaona haitoshi. Wako ukishamsaidia, na wa mwenzio inabidi umguse.

Saa nane kasorobo nikachukua ufagio. Nikawafukuza wale watatu wa wifi kulizunguka banda. Mizunguko kumi na mmoja. Kipilipili aliruka ndoo, akapita juu ya kigoda cha utafiti, mzunguko wa tisa akanigeukia akanipiga kichwa cha paja. Nikasimama, akasimama. Tukatazamana. Mimi ndiye niliyeangalia pembeni kwanza.

Wifi akaita kutoka ng'ambo, eti kuna moto? Nikamjibu niko mazoezini. Akasema wifi, kwa umri wetu huu, mazoezi na ufagio? Sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Matokeo: Kipilipili 109! Madamu 60. Chotara 71, hao sikuwagusa, mwalimu mstaafu ndiye aliyenifundisha kusoma.

Mtaalamu alibaki kigodani muda mrefu, kalamu mdomoni. Mimi nilikuwa nimelala chali jikoni juu ya sakafu ya saruji. Ningepimwa mimi ningewapita wote tisa.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Siku kubwa! Msimamizi amepiga simu kutoka chuoni. Mtaalamu alimtumia hesabu zote hadi jana. Msimamizi kasema hakuna kitabu hata kimoja kinachosema hivi. Kasema mbuzi wa nchi za baridi, manyoya yale, mwili ule, hawezi kulishinda jua kuliko mbuzi aliyezaliwa ndani ya jua na babu zake wote.

Hakuna kitabu! Mwanangu amevipita vitabu! Nilitoka na futi shingoni mpaka kwa muuza mkaa. Nikamwambia. Akaniuliza kama hiyo ni habari nzuri. Watu wengine bwana.

Kuna jambo dogo la maji. Kumbe zile ndoo nne zilikuwa za kipimo, maji ya kunywa ya weupe. Mtaalamu huzijaza asubuhi, jioni huangalia kilichobaki, anajua mbuzi wa aina gani wamekunywa kiasi gani. Kwa hiyo daftarini imeandikwa kwamba Madamu na mabinti zake wamekunywa lita themanini kwa siku moja. Msimamizi ameuliza kama ana hakika wale ni mbuzi. Atakuja mwenyewe Ijumaa ijayo, siku ya mwisho, saa saba mchana, ashuhudie.

Nilifurahi mpaka nikatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Lakini Mtaalamu hakula. Alikaa kizingitini na daftari mapajani. Akasema Mama, labda mimi sijui kuhesabu. Akasema amekaa chuoni miaka mitatu, kumbe hata pumzi ya mbuzi hawezi kuihesabu. Alisema polepole. Sauti hiyo sijaisikia tangu alipougua surua. Alikuwa na miaka minne.

Neno lilinifika hapa kooni. Ningelisema. Mdomo niliufungua kabisa. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Mume wangu ni fundi baiskeli. Maneno anayoongea yeye kwa mwaka, mimi nayamaliza kabla ya chai ya asubuhi. Leo alikuwa anakaza spoki, hakuinua hata kichwa, akasema: waache mbuzi. Kajuaje? Nikamwambia aangalie magurudumu yake.

Muuguzi alikuja kuijaribu sare. Akainusa. Akauliza kwa upole kama kuna mgonjwa nyumbani. Nikamwambia vitambaa vya siku hizi ndivyo vinavyonuka.

Jumapili, tarehe 9 Februari

Ijumaa hakutakuwa na ndoo. Mgeni anaweza kufika mapema akanikuta nimeshika kopo. Inabidi nitumie akili ya fundi. Nimeipata, niliipata nikinywa maji.

Mtungi! Mtungi unapoaje? Unalowa kwa nje, maji ndani yanakuwa baridi mpaka meno yanauma. Sasa mbuzi akivaa kitu kilicholowa siku nzima, naye si atakuwa mtungi? Koti! Nje gunia, ndani sponji ya lile godoro kuukuu, vifungo chini ya tumbo. Anavikwa asubuhi, anavuliwa kabla ya kupimwa. Nani ataona? Kuanzia kesho Mtaalamu atakuwa anashinda kwenye duka la kuchapa, ripoti yake. Anapima saa mbili asubuhi, anaondoka saa tatu, anarudi saa nane kasoro.

Madamu. Kifua inchi 36. Mgongo inchi 30. Shingo inchi 16. Tumbo inchi 45, niliacha nafasi ya mimba.

Alisimama kimya kuliko wateja wangu wote. Hakuomba nimpunguze kiuno. Hakusema mwenzake kashonewa kwa siku mbili.

Wifi alisikia cherehani, Jumapili hii, akaja michongomani. Akauliza nashona nini. Nikasema pazia. Akanyoosha shingo, akasema mbona pazia lenyewe lina vifungo, kwani dirisha lako lina tumbo? Nimeamua kuuziba upande wake wote wa banda kwa magunia, kuanzia chini hadi batini. Mtu asiyeona hana la kusema.

Jumanne, tarehe 11 Februari

Joto limegeuka. Mawingu yametanda, mvua haishuki, upepo umekufa. Nguo nilizofua jana asubuhi bado mbichi kambani. Jasho linatoka na linabaki palepale. Hakuna anayecheka mtaani. Hata jogoo wa wifi anawika nusu anaacha.

Koti la Madamu limevaliwa tangu saa tatu. Lilikuwa linanyonya maji vizuri, mishono imeshika, hakuna uzi uliokatika. Kazi safi kabisa. Matokeo: Madamu 97.

Tisini na saba! Na koti langu mwilini asubuhi nzima! Kipilipili 112 baada ya ufagio, kwa hiyo bado tunaongoza, lakini kwa kidogo tu. Nimekaa nimefikiri. Tatizo nimeliona. Sponji ni nyembamba.

Mume wangu alipita bandani kuchukua pampu. Akasimama. Akagusa koti. Akasema mtungi unapoa kwa sababu unakaa penye upepo. Kwake yeye hiyo ni hotuba. Nikamuuliza tangu lini fundi baiskeli akajua mambo ya mitungi. Akaondoka na pampu yake.

Nimeongeza tabaka la pili la sponji.

Alhamisi, tarehe 13 Februari

Madamu hajala tangu jana. Amesimama kwenye kona, kichwa chini, udenda unamtoka. Nilimletea maganda, akayatazama kama barua ya mtu mwingine. Mabinti zake wao wamelala. Nilimshika sikio, linachoma kama pasi. Nikamwambia mama mwenzangu, vumilia, ni kesho tu, sisi wazazi ndio tulivyoumbwa.

Mtaalamu alimpima asubuhi, akakunja uso. Akasema Mama, Madamu hayuko sawa, kesho akiwa hivi tutamtoa kwenye utafiti. Kumtoa! Siku ya mgeni! Ni kama kumficha bibi harusi.

Amekonda mwanangu. Amenunua kipimajoto kingine, amekiweka pamoja na cha kwanza, vyote vinasema kitu kimoja. Amehesabu pumzi zake mwenyewe mbele ya kioo kuona kama saa yake inadanganya. Nilimwona kupitia pazia. Nikasema moyoni: kesho, mwanangu. Kesho msimamizi atakuja, ataona, atakupa mkono, utasahau yote.

Nimeibana mishono ya koti. Kesho lisipwaye.

Ijumaa, tarehe 14 Februari

Naandika kwa penseli. Kalamu anayo Mtaalamu na siwezi kumwomba.

Saa tatu aliondoka kwenda kuchukua ripoti dukani. Nikamvika Madamu koti. Nikaongeza ndoo nzima ya maji juu yake. Nikateremsha magunia na upande wa mlango, ili mgeni akifika asione kabla sijamvua.

Saa tano wakaingia wote wawili. Saa tano! Msimamizi alimkuta njiani, akampakia kwenye pikipiki. Mzee mfupi, mpole, ana kofia. Akasema shikamoo hapana, mama, sisi rika moja, nionyeshe hao mashujaa. Nikasema karibu chai kwanza. Akasema mbuzi kwanza. Nikasema hawajawa tayari, bado wanavaa. Neno lilinitoka tu.

Mtaalamu akafungua magunia.

Mvuke ulitoka mle kama umefunua sufuria. Madamu alikuwa amepiga magoti ya mbele, mdomo wazi, macho meupe. Mtaalamu alikimbia ndani, akarudi na mkasi wangu, ule wa vitambaa, usioruhusiwa kukata hata karatasi, akalipasua koti kuanzia shingoni. Magunia akayang'oa kwa mikono. Wifi aliisikia kelele, akapita katikati ya michongoma, miiba na yote, gauni likachanika. Wakamkokota hadi penye hewa, wakammwagia maji, wifi anampepea kwa sinia. Kipimajoto kilisema 41.8. Pumzi msimamizi alizihesabu mwenyewe. Akaacha kabla dakika haijaisha, alikuwa ameshapita 170.

Mimi nilisimama na vifungo mkononi. Sijui hata nilivipata wapi.

Msimamizi akauliza koti hilo limeanza lini. Nikamwambia Jumatatu. Akauliza kabla ya Jumatatu kulikuwa na nini. Nikamwambia ndoo. Akafunga macho kidogo. Wifi, na sidhani alikuwa na nia mbaya, akasema kumbe. Akasema yeye alikuwa anaona mbuzi wake wanakimbizwa kwa ufagio kila siku saa nane kasorobo, akadhani ni sehemu ya somo.

Msimamizi alimuuliza Mtaalamu kama alijua. Akasema hakujua. Akamwamini, angalau hilo. Kisha akatoa rula mfukoni, akapiga mstari kwenye kila ukurasa wa daftari lile jipya. Siku kumi na mbili. Kwa rula, polepole, kama mtu anayekata kitambaa kizuri.

Alipoondoka Mtaalamu alikaa chini karibu na Madamu. Nikamwambia mwanangu, nilitaka wafaulu. Akasema: nilitaka waheme, Mama. Kuhema kwao ndiyo kazi yangu. Ni kuonyesha nani anaumia na jua na kwa kiasi gani, ili watu wajue wajengee mbuzi gani kivuli, na mbuzi gani wasimlete huku kabisa. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumamosi, tarehe 15 Februari

Madamu ameharibu mimba asubuhi hii. Walikuwa wawili. Manyoya hayajatimia, lakini unaona wangekuwa weupe.

Niliwafunga kwa bitana ya hariri, ile niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya nguo ya cheti. Mume wangu akachimba nyuma ya choo, akasawazisha udongo kwa mguu. Hakusema aliniambia. Ningependa angesema, nipate wa kugombana naye.

Mchana wifi alikuja kwa mlango, si michongomani. Amebeba majani mabichi, sijui kayatoa wapi kwenye ukavu huu. Akampa Madamu kwa mkono, moja moja. Nilikuwa nasubiri kejeli. Ile ya kikulacho ki nguoni mwako ilikuwa inamwasha ulimini, niliiona kabisa. Akaimeza. Akasema pole, wifi.

Hiyo pole ndiyo iliyoniliza.

Jumatatu, tarehe 17 Februari

Msimamizi amepiga simu. Mtaalamu amepewa nafasi nyingine moja. Siku kumi na mbili upya, kuanzia Jumatano, joto likiwa bado lipo. Joto likiondoka kabla hajamaliza, basi, atasubiri msimu mwingine, yaani mwakani, wenzake wachukue vyeti yeye akipiga makofi.

Na mbuzi watapimiwa kwa wifi. Uani kwa wifi! Mabinti wa Madamu wanahamia huko, mweupe wa tatu msimamizi ataleta kutoka chuoni. Kuna sharti. Limekuja kwa barua, lina mhuri: mama wa mwanafunzi asivuke michongoma. Mhuri! Barua ya kwanza maishani mwangu yenye mhuri inanikataza kwenda kwa wifi yangu.

Nilimwomba Mtaalamu msamaha jikoni. Niliuomba vizuri, nikiwa nimekaa chini. Alinisaidia kuinuka. Akasema amenisamehe. Akasema ila usinisaidie tena, Mama, nakuomba. Nikaapa. Nimeapa kwa cherehani yangu.

Muuguzi amechukua sare. Amesema wagonjwa watamzoea.

Ijumaa, tarehe 21 Februari

Hali ya hewa imeharibika. Yaani imekuwa nzuri. Tangu jana upepo unavuma, leo kuna manyunyu. Watu mtaani wanashukuru, wanavua kofia. Madamu amesimama mlangoni mwa banda tupu, anakula kidogo, ziwa lake limenywea. Anaangalia upande wa wanawe.

Nilikaa upande wangu wa michongoma na kigoda changu. Sikuvuka. Nilisikia tu. Saa nane Mtaalamu alihesabu kwa sauti. Mabinti wa Madamu: 37 na 39. Kipilipili: 31. Wifi akauliza hiyo ni nzuri au mbaya. Mtaalamu akasema ni mbaya, shangazi. Akasema wote wako sawa tu, hakuna cha kuandika, hali ikiendelea hivi hadi wiki ijayo amekwisha. Nikachungulia. Ameshika tama, daftari limefungwa, manyunyu yanamdondokea mgongoni na hana habari.

Uchungu wa mwana! Nilikaa na kiapo changu kifuani kama jiwe.

Mimi si mtu wa kurudia kosa. Nimekaa nimelifikiria somo lote tangu mwanzo, na sasa nimelielewa. Kosa langu lilikuwa kuwapoza. Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, nilitaka waheme, Mama. Kumbe kazi ilikuwa rahisi hivyo!

Na nimekiangalia kile kiapo, upande wa nje na upande wa bitana. Niliapa kutomsaidia Mtaalamu. Sikuapa lolote kuhusu mbuzi. Wale ni wajukuu wa kazi yangu, wamezaliwa bandani kwangu, na mtu hawezi kukatazwa kuwavisha watoto wake kukiwa na baridi. Barua inasema nisivuke michongoma. Mkono wangu si mimi. Pale wifi alipopita siku ile pameacha tundu zuri, bega linaingia, na saa saba Mtaalamu bado hula.

Blanketi la mama mkwe lipo sandukuni. Sufi tupu, zito, halijapata hata nondo. Linatoa makoti mawili na kofia.

Vipimo, kwa kukisia kupitia michongoma. Binti mkubwa: kifua inchi 31, mgongo inchi 26. Binti mdogo: kifua inchi 29, mgongo inchi 24. Bila sponji. Shingo ya kufunga. Mikono mirefu, yote minne.